Muulize Mpagazi: Kambi ya bure juu ya Leadville

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Aurora, Colorado, mwaka wa nne sasa. Binamu yangu anasema milimani upande wa Leadville unapiga hema msituni bure, bila kibali. Nataka kumpeleka mama watoto na watoto wetu watatu Ijumaa hii nikitoka kazini, turudi Jumapili. Je, hatutafukuzwa? Na dubu je? Mke wangu naye anasema haendi mahali pasipo na choo. – Baba Watatu

JIBU: Marahaba, Baba Watatu. Binamu yako hajakudanganya. Ule ni Msitu wa Taifa wa San Isabel, na nje ya viwanja vya kulipia unaruhusiwa kulala bure hadi siku 14, kisha uhame. Ila kuna sehemu zimefungwa, na nyingine lazima ulale penye alama tu, kwa hiyo pigia simu ofisi ya misitu pale Leadville kabla hujaondoka. Waombe na ramani ya njia zinazoruhusiwa magari, haiuzwi. Chagua mahali ambapo wenzako walishalala, mita 60 kutoka kijitoni. Na kabla hujapigilia kigingi, tazama juu: misonobari mingi Colorado imeuawa na wadudu wa magome, imekauka ikiwa imesimama, inangoja upepo tu.

Hayo mepesi. Kilichonishtua ni hiyo "Ijumaa nikitoka kazini".

Nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa, njia ya Marangu. Mgeni tulimlaza kambi ya Mandara, mita 2,720, usiku wa kwanza. Kambi ya Horombo, mita 3,720, usiku wa pili. Tukimwambia "pole pole" mpaka akatuchukia, ili mwili uzoee hewa nyembamba ya juu. Leadville mjini kwenyewe ni mita 3,094. Yaani wanao utawapitisha Mandara kwa saa mbili tatu za gari, halafu walale! Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa Houston miaka sita, mji tambarare kama sinia, nikaja kumtembelea mpwa wangu nikijigamba kwamba mlima haunifundishi kitu. Usiku ule kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa kuni, nikatapika nyuma ya gari, na yule kijana, ambaye hajawahi kubeba hata ndoo ya maji, ndiye aliyenishusha Buena Vista saa nane usiku. Pale ni kama mita 2,400. Kulipokucha nilikuwa naulizia chai.

Basi Ijumaa laleni nyumbani, muondoke Jumamosi alfajiri mfike kukiwa kweupe, na hema mlipige kwenye njia za msitu karibu na Buena Vista, si juu ya Leadville. Mtoto akiumwa kichwa na kutapika, usimpe kidonge mkangoja asubuhi. Shukeni. Radi nazo huja mchana, hasa Julai na Agosti. Zikianza kunguruma ingieni garini, hema si kinga.

Jioni ile ile ya aibu yangu nilikuwa nimebandika maharage makavu. Huko juu, mita 3,000, maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100: yanatokota kwa kelele nyingi, lakini hayaivishi. Mtungi wa gesi ukaisha, maharage bado yanagonga sufuria kama kokoto. Yachemsheni Aurora, myagandishe. Njiani yatapoza nyama. Moto wa kuni usiutegemee. Kiangazi hutangazwa marufuku, na ile ya ngazi ya 1 tu tayari inakataza kuwasha moto nje ya viwanja rasmi. Jiko la gesi la kuzimika kwa kitufe halina shida. Maji ya kijito chemsheni dakika 3 kamili, hata yakiwa maangavu kama kioo.

Dubu wa kule ni mweusi, na hana haja nawe. Ana haja na dagaa wako. Chakula, taka, hata dawa ya meno, vyote vilale garini, vioo juu na milango imepigwa loki. Loki, narudia, maana dubu wa Colorado wanajua kufungua mlango wa gari.

Kwa mama watoto: mwambie kule kuchimba dawa ni kuchimba kweli. Kijiko cha bustani, shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji na hema, kisha kufukia. Karatasi inarudi nyumbani kwenye mfuko. Akikataa bado, hana kosa. Lipieni kiwanja chenye choo safari hii.

Na bebeni blanketi la ziada kwa kila mtu, hata kama ni Julai. Lako watoto watakunyang'anya saa tisa usiku.