Wastani wa mtetemo usikudanganye

Ndugu, unashangaa kishikio cha chuma ulichochomelea kwenye mashine kimepasuka ilhali wastani wa mtetemo ulikuwa mdogo. Wastani huo ndio uliokuponza. Kwenye chuma kilichochomelewa, mkazo ukiongezeka maradufu, madhara ya kila mzunguko (mtikisiko mmoja wa kwenda na kurudi) huongezeka takriban mara 8. Mitikisiko michache mikali yaweza kula uhai kuliko maelfu ya midogo.

Pima upya, hasa wakati wa kuwasha na kuzima, maana hapo kasi ya mashine huweza kupita kwenye masafa ya asili ya kishikio, yaani yale yanayokifanya kitikisike kwa nguvu zaidi. Hesabu mizunguko kwa ukubwa wake, ujumlishe madhara kwa kanuni ya Miner: kwa kila ukubwa, gawanya mizunguko iliyotokea kwa ile ambayo chuma kingestahimili kabla ya kupasuka, kisha jumlisha. Jumla ikikaribia 1, tarajia ufa (mimi hata 0.5 hunikosesha usingizi). Na usizibe tu ufa kwa weldi mpya: ukingo wa weldi ndipo nyufa nyingi huanzia.