Homoni ya mfupa na sukari baada ya hedhi kukoma

Shikamoo mama. Umeuliza kama ulipie kipimo cha osteokalsini, yaani homoni ya mfupa, kwa kuwa hedhi imekoma na sukari imeanza kupanda. Hela hiyo iweke kwanza.

Osteokalsini hutoka kwenye seli zinazojenga mfupa. Mwaka 2007 watafiti wa New York walionyesha kwamba kwa panya huchochea kongosho kutoa insulini, ndipo watu wakaanza kuishabikia. Ila mwaka 2020 walipimwa panya wengine wasio na homoni hiyo kabisa, na sukari yao ikakutwa kawaida tu. Halafu estrojeni, homoni ya kike, ikishuka hedhi inapokoma, mfupa humomonyoka na kujengwa upya kwa kasi, hivyo osteokalsini hupanda yenyewe. Kuwa nayo nyingi hakukuhakikishii chochote.

Pima HbA1c (wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), presha na mafuta ya damu. Daktari muulize pia kipimo cha mifupa cha DEXA, na umtajie habari ya sukari, maana mwenye kisukari anaweza kuvunjika nyonga hata kama kipimo kinaonyesha mfupa mzima. Dagaa uwale pamoja na miba yao. Magoti yakiruhusu, panda ngazi. Na hivyo vidonge vya “homoni ya mfupa” wanavyouza mitandaoni, achana navyo.