Kwa nini ndege mpya ya kivita husumbua miaka mingi kwenye majaribio: jibu langu kama fundi wa ndege

Mkuu aliyefungua uzi huu ameuliza: ikiwa Marekani ina fedha, kompyuta na wahandisi wote wale, kwa nini F-35 ilisumbua miaka na miaka kwenye majaribio, mara imewaka moto, mara zote zimezuiwa kuruka? Wachangiaji wawili wakadakia kwamba ndege za Kirusi hazina mambo hayo, tazameni Su-30 zetu pale Entebbe. Nimesoma michango yote na naona swali linazungukwa tu. Mimi ni fundi wa ndege. Nilisomea Soroti, hapa Uganda, na kazi yangu ni ndege ndogo zinazopeleka watalii Kidepo na kwingineko, si za kivita. Ila kuna jambo kila fundi analijua, na ndilo jibu: kuna ubovu ambao huwezi kuukuta kwa kukagua, kwa sababu haupo mpaka ndege iwe kazini.

Niwape mfano wa karakana. Tulikuwa na ndege ya injini moja, viti sita. Rubani kila akirudi analalamika kwamba taa ya alternata (mashine inayozalisha umeme wa ndege) inawaka anapopanda, akishatulia juu inazimika. Tunaiwasha uwanjani, tunaipandisha mizunguko hadi mwisho, hakuna kitu. Tukabadilisha regyuleta, yaani kidhibiti cha umeme wake, kesho yake taa ileile. Mwishowe mzee aliyekuwa mkuu wetu wa karakana akaomba aruke nayo. Akakaa kiti cha kulia na daftari, akaandika mizunguko ya injini, futi na joto kila taa ilipowaka na kila ilipozima. Aliposhuka alifungua kifuniko cha injini na kwenda moja kwa moja kwenye klipu moja ya waya kwa nyuma. Mpira wa klipu ulikuwa umekauka. Injini ikivuta kwa nguvu huku pua imeinuka, inasogea kidogo kwenye raba zake, na waya uliochubuka milimita chache tu unagusa chuma. Uwanjani pua haijainuka, injini haisogei, waya haugusi. Ungeikagua mwaka mzima bila kuuona.

Na hiyo ni ndege ambayo wenzake wameruka kwa miongo, kila kitu kimeshaandikwa kwenye vitabu. Ndege mpya ya kivita haina wenzake. F-35 ya kwanza kabisa iliruka Desemba 2006 pale Fort Worth, na Mei 2007 ikapata hitilafu ya umeme ikiwa angani, ikakaa chini hadi Desemba. Magazeti yaliandika kana kwamba ni aibu. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa nayo rubani wa majaribio: kuutafuta ubovu kabla haujamkuta kijana wa miaka ishirini na kitu aliye vitani.

Chukua suala la ndoano, ambalo mimi nalipenda sana. F-35C, aina ya F-35 ya jeshi la majini, inatua kwenye manowari ya kubeba ndege, kwa hiyo ina ndoano nyuma ya kudaka waya uliotandazwa sitahani. Walipoijaribu Lakehurst, New Jersey, ikikimbizwa ardhini juu ya waya, ilishindwa kudaka mara zote nane. Sababu? Ndege hii imeundwa isionekane kirahisi na rada, hivyo ndoano lazima ikae ndani ya mwili, karibu na magurudumu kuliko ndege za zamani: mita mbili na kidogo tu. Magurudumu yakishaukanyaga waya, unalala chini, kisha unahitaji muda kuinuka. Ndoano ilikuwa inafika kabla waya haujainuka, inateleza juu yake. Hesabu za kompyuta za jinsi waya unavyoinuka hazikulingana na waya wenyewe. Wakaichonga upya ncha ya ndoano na kurekebisha kifaa kinachoikandamiza isirukeruke, na tarehe 3 Novemba 2014 ndege ikatua kwenye USS Nimitz. Hapo hakuna mjinga wala mzembe.

Moto uliowaka kwenye F-35 pale kituo cha jeshi cha Eglin, Florida, tarehe 23 Juni 2014, ni ndugu wa waya wetu uliochubuka. Feni ya injini yake, iitwayo F135, imezungukwa na kizuio cha hewa ambacho kimeundwa kisuguane nayo kidogo, ili nafasi ibaki ndogo kabisa. Wiki kadhaa kabla ya moto, ndege ile ilijigeuza angani kwa sekunde chache, ndani kabisa ya mipaka iliyoruhusiwa. Injini ikajipinda kidogo, rota ya hatua ya tatu ya feni (gurudumu la mapanga) ikasugua kwa kina kuliko ilivyotarajiwa, joto likapanda mno, zikazaliwa nyufa ndogo zisizoonekana. Ndege ikaendelea kuruka kama kawaida hadi siku ile ikiwa mbioni kupaa. Rota ikakatika, vipande vikatoboa tangi la mafuta. Rubani alisimama na kutoka salama, namshukuru Mungu kwa hilo. Dawa yake ilikuwa kukichimbia kizuio mfereji mapema, ili rota ikipinda ipate pa kupita.

Sasa kwa ndugu zangu mnaoshabikia ndege za Kirusi. Su-30MK2 zetu sita, zilizoanza kuingia nchini 2011, ni uzao wa Su-27, na Su-27 ilianza kama T-10 iliyoruka Mei 1977. Majaribio yalionyesha kwamba ndege haifikii kilichoahidiwa. Mwaka 1978 rubani Yevgeny Solovyov alikufa ndege ilipovunjikavunjika angani. Msanifu wake, Mikhail Simonov, akasisitiza ichorwe upya karibu yote, pamoja na bawa, ikaruka kwa jina la T-10S Aprili 1981. Hata hiyo mpya ilimlazimisha rubani wa majaribio Vladimir Ilyushin kujirusha nje Septemba mwaka huo, na Desemba mwenzake Aleksandr Komarov akapoteza maisha. Rubani mwingine, Nikolai Sadovnikov, aliwahi kutua na ndege iliyopoteza kipande cha bawa. Hayo yote hayakutangazwa, wakati Washington wakaguzi wa serikali hutoa ripoti kila mwaka na dunia nzima inasoma. Na mnakumbuka moto wa Juni 2014 wa Marekani. Tarehe 10 ya mwezi uleule, ndege ya majaribio ya Su-57, ndege mpya ya Kirusi, iliwaka moto kwenye uwanja wa Zhukovsky karibu na Moscow. Mbona huo hakuna aliyeutaja humu?

Wasweden nao: Gripen ya kwanza iliruka Desemba 1988 na kuanguka ikitua Februari 1989, kwa sababu kompyuta ya usukani na mkono wa rubani vilishindana. Programu ikarekebishwa, ikaanguka tena 1993 Stockholm mbele ya watu. Rubani alikuwa yuleyule, Lars Rådeström, na alipona mara zote mbili. Leo ni ndege inayoheshimika.

Pale ninapokubaliana nawe, mkuu, ni penye fedha. Wamarekani walianza kutengeneza F-35 za kuwagawia wanajeshi majaribio yakiwa hata hayajafika katikati. Mwaka 2012 Frank Kendall, aliyesimamia ununuzi wa silaha Pentagon (wizara ya ulinzi ya Marekani), alisema hadharani kwamba kuanza uzalishaji miaka kadhaa kabla ya jaribio la kwanza la kuruka ulikuwa ukiukaji wa taaluma ya manunuzi. Naunga mkono kila neno. Majaribio ya maendeleo yalikamilika Aprili 2018, baada ya safari zaidi ya 9,200, na idhini ya kuzalisha kwa kasi kamili ikatoka Machi 2024 tu, ilhali mamia ya ndege yalikuwa tayari mikononi mwa wanajeshi. Kila ubovu uliogunduliwa katikati ukamaanisha kurudi kwenye ndege zilizokwisha lipiwa, kuzifungua, kuzikata na kuzifunga tena. Rota ile ya Eglin ingegunduliwa kabla ya uzalishaji, lingekuwa tatizo la ndege chache za majaribio. Ilipokatika, zilizoamriwa zisiruke zilikuwa karibu mia moja.