Mshipi Usitatane: Ushauri kwa Anayeanza Kuvua Penye Mawimbi

Sehemu kubwa ya pwani yetu ya Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi mbali na nchi kavu, na ndiyo sababu wengi tuliojifunza kuvua ndani ya mwamba hupigwa na butwaa tunapofika Mambrui, kaskazini ya mlango wa mto Sabaki, ambako tope la mto limezuia matumbawe kumea na bahari huja ufukweni na nguvu zake zote. Usiku wangu wa kwanza pale nilirusha mara 11, na mara 7 nilivuta donge la nailoni. Mzee aliyekuwa hatua chache kutoka kwangu, mwenye ndoana moja na chubwi moja (kile kizito cha kuzamisha mshipi), hakufungua hata fundo moja mpaka maji yalipojaa.

Nililaumu mawimbi, lakini nilipomulika donge moja kwa tochi nikaona kosa langu. Uzi wa ndoana, ambao nilikuwa nimeukata urefu wa mita 1 nikidhani samaki hawatauona mshipi mkuu, ulikuwa umejiviringa kwenye mshipi huo, mzunguko juu ya mzunguko, mfano wa kamba ya usumba, na ndoana yenyewe ilikuwa imenasa katika uzi wa ndoana yangu ya pili. Kazi hiyo ilifanyika hewani kabla ya chambo kugusa maji. Chubwi ni nzito, kwa hiyo hutangulia. Chambo ni chepesi, hushika upepo na kufuata nyuma kikizunguka, na uzi ukiwa mrefu na laini hupata nafasi ya kutosha ya kujisokota.

Kwa hiyo, penye mawimbi, kata nyuzi za ndoana ziwe fupi, sentimita 25 au 30, na uzifunge kwa nailoni nene kuliko mshipi mkuu, kwa kuwa nailoni nene ni ngumu na haikunjiki ovyo. Ikiwa mshipi wako mkuu ni wa milimita 0.35, nyuzi za milimita 0.60 zitakufaa. Ukitaka ndoana mbili, pima ili uzi wa juu ukining'inia na wa chini ukiinuka visikutane kamwe: nyuzi mbili za sentimita 25 zinahitaji kuachana kwa sentimita 60 hivi, na ndoana ya chini isifike kwenye chubwi. Ndoana ya tatu sikushauri kabisa. Inakula chambo, inaleta mafundo, na sijaona usiku hata mmoja ambapo ilinifaidi.

Mpangilio wa ndoana huchaguliwa kwa hali ya maji kwanza, samaki baadaye. Msimu wa kusi, mkondo unapokwenda sambamba na ufukwe, tumia mpangilio ambao chubwi iko mwisho kabisa wa mshipi na nyuzi za ndoana zimetokea juu yake kama matawi, kwa sababu chubwi huushika mshipi ukabaki wima kiasi na kukazika. Chubwi ya mviringo haifai hapo. Mawimbi huibingirisha, nayo huzoa nyuzi zote njiani. Chukua ya pembe, au ile yenye miguu ya waya inayojichimbia mchangani. Maji mafu yakifika, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, na bahari ikatulia, unaweza kuiacha chubwi iteleze juu ya mshipi na kutumia uzi mrefu zaidi, nao samaki kama taa na changu hukichukua chambo bila kuhisi uzito. Ukilazimika kurusha mbali, tumia ndoana moja tu, na chambo kibanwe karibu na chubwi kwa kijindoano kinachokiachia kikigonga maji.

Kati ya mpangilio huo na mshipi mkuu weka kipande cha nailoni nene, urefu wake ukiwa mara mbili ya fimbo na ziada ya mizunguko kadhaa kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kwa chubwi ya gramu 150 mimi hutumia milimita 0.70. Usilipuuze hili, maana mshipi mwembamba ukikatika wakati wa kurusha, chubwi huruka kama risasi ya bunduki, na ufukweni kuna watoto.

Rili nayo ina sehemu yake katika lawama. Usiijaze mpaka ukingoni. Acha nafasi ya milimita 2, la sivyo mshipi hutoka kwa mafungu. Chambo kikishatua, rudisha kwa mkono ule waya wa rili unaofunguliwa wakati wa kurusha, vuta mshipi hadi ukazike, ndipo uzungushe mpini, kwa sababu kitanzi kilegevu kimoja kikifunikwa leo kitatoka kama donge katika mrusho wa tatu au wa nne. Kipande cha ngisi kilichofungwa upande huzunguka kama pangaboi wakati wa kuvuta, kikausokota mshipi wote. Kinyooshe kwenye ndoana na ukifunge kwa uzi mwembamba wa mpira. Ikiwa mshipi umekwisha kusokotwa, ondoa kila kitu mwishoni mwake, utandaze mchangani maji yakiwa yamekupwa, kisha uukusanye ukiupitisha katikati ya vidole viwili.

Donge likitokea pamoja na tahadhari zote hizo, usilivute, kwani kila mvuto hukaza fundo la ndani. Lilegeze, utafute kitanzi kikubwa kuliko vyote, ukipanue kwa vidole. Dakika 5 zikipita bila mafanikio, kata na ufunge mpangilio mwingine uliouandaa nyumbani. Maji yakijaa hayakusubiri. Hongwe, yule kambare wa baharini, akijizungusha na kuuvaa uzi wako, fanya vivyo hivyo, wala usimshike kwa mkono mtupu, kwa kuwa miiba yake ina sumu. Nailoni uliyoikata itie mfukoni urudi nayo, kwa sababu kasa hupanda kutaga katika fukwe hizi hizi.