Binti kapata shule ya masista Dodoma? Soma kabla hujafunga tranka

Juzi mama mmoja wa Singida ameniandikia: "Dada, binti yangu kafaulu usaili wa shule ya masista Dodoma. Atayaweza yale maisha?" Mama, atayaweza. Mimi niliyaweza, na hapa nilipo leo ni matunda yake.

Watu hudhani shule hizi zimeota jana. Wamisionari walikuwa wakifundisha Ugogo kabla Dodoma haijawa jimbo la Kanisa Katoliki mwaka 1953. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozifanya shule nyingi za misioni kuwa za serikali, Kanisa lilibaki na kidogo, likaja kujenga upya kidogo kidogo. Ndiyo maana masista wetu hawakuwa na mchezo na mali ya shule. Ukikwaruza dawati, Jumamosi unalipiga msasa mwenyewe.

Kengele saa kumi na moja alfajiri. Deki, Misa, uji, mstari. Saa sita mchana sala ya Malaika wa Bwana, mnasimama hata kama swali la hesabu liko katikati. Usiku prepo, yaani kujisomea darasani.

Lakini shule yenyewe ilikuwa maji. Kiangazi cha Dodoma mnakijua. Kidumu cha lita tano: unaoga, yaliyobaki unafulia soksi, ya soksi unadekia bweni. Hapo ndipo nilipojifunza bajeti, na sijawahi kukopa mshahara tangu nianze kazi. Watoto wetu wa siku hizi tunawafungulia bomba mpaka ndoo inafurika, halafu tunashangaa hawajui kubana!

Kidato cha tatu nilirudishwa ada. Nilikaa getini juu ya tranka, wenzangu wakiingia kwenye mtihani wa muhula. Inaniuma mpaka leo. Baba alikuwa na nusu ya ada mfukoni, ila aliona haya kwenda kusema. Wazazi, acheni haya! Nenda kwa sista mhasibu kabla shule haijafunguliwa, beba ulicho nacho, taja tarehe ya kumalizia na uandikiwe karatasi. Mtoto akae na nakala yake kwenye tranka.

Mengine ni madogo. Sweta zito, maana upepo wa Juni na Julai hauna huruma. Kidumu kiwe na mfuniko, na jina uliandike kwa rangi ya mafuta, siyo kalamu ya wino. Kinapotea wiki ya kwanza.