Kidonge cha pinki na kidonge cheupe

Mama yangu anauza unga wa muhogo katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na anayezijua panda-shuka za mji huu anaelewa magoti yake yamepitia nini. Mwaka juzi yalianza kuvimba. Jirani yake wa mezani akamwelekeza kwa muuza dawa mmoja, akarudi na kimfuko cha nailoni chenye vidonge vya aina mbili: kimoja cha pinki, kingine kidogo cheupe. Hakuna karatasi, hakuna jina. "Unakunywa moja moja, asubuhi na mangaribi." Maelezo yaliishia hapo.

Siku ya tatu alipanda hadi nyumbani bila kupumzika njiani. Tulifurahi sana. Baada ya miezi miwili uso wake ulikuwa umejaa, mashavu ya mviringo, na wenzake sokoni wakimsifu: "Mama, maisha imekukubali!" Hata mimi niliamini ameanza kula vizuri.

Kisha asubuhi moja nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja vimepauka, anahema kama aliyetoka kukimbia. Nilipomuuliza kuhusu choo, alinyamaza kwanza. Halafu akasema kwa sauti ya chini: "Iko nyeusi, mutoto wangu, sawa gudro. Ni siku ya ine sasa." Gudro ni lami. Ilikuwa damu. Damu ikivuja tumboni huchakatwa na asidi, na mpaka itoke imekwisha kuwa nyeusi, ya kunata, yenye harufu kali. Vidonge vya kuongeza damu navyo hugeuza choo kuwa cheusi, lakini mama hakuwa anakunywa hivyo.

Hospitalini aliwekewa damu. Daktari alivitambua vile vidonge: cha pinki ni diklofenaki, cheupe ni deksametazoni. Ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza tangu siku ya kwanza.

Sehemu ya mwili inapoumia hutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochangia maumivu, uvimbe na homa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzuia kimeng'enya kinachozitengeneza. Mwingereza John Vane alilionyesha hilo mwaka 1971, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Lakini prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe, na husaidia figo zipate damu ya kutosha. Dawa iliyotuliza goti la mama ilikuwa inaondoa ute tumboni mwake siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nisikilize vizuri wewe unayesema, "Mimi nachomwa sindano ya diklofenaki, tumbo langu liko salama." Haliko salama. Sindano pia huingia kwenye damu, na damu hufika tumboni. Kula kwanza kunapunguza kichefuchefu tu. Kidonda bado kinaweza kutokea. Mzee, mwenye tansiyo (shinikizo la juu la damu), mwenye ugonjwa wa figo au aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo asiinunue bila kumuona daktari.

Kile cheupe kinaniuma moyo zaidi, maana hapa kwetu kuna wasichana wanaokimeza ili wanenepe. Deksametazoni ni dawa halisi, inaokoa watu hospitalini. Ikichanganywa na diklofenaki, hatari ya kuvuja damu tumboni hupanda sana. Ikitumiwa kwa muda mrefu huviringisha uso, hupandisha sukari na tansiyo, hudhoofisha mifupa, na huficha dalili za maambukizo. Ule unene tulioushangilia ulikuwa madhara ya dawa.

Siku hizi mama anatumia parasetamoli. Nayo ina mpaka wake: mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mtu aliyekonda sana, mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe apewe kiasi kidogo zaidi. Ikizidi, ini haliwezi kuisafisha sumu inayobaki, na mtu anaweza kujiona mzima siku nzima huku ini linaharibika. Soma pia pakiti ya dawa ya mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani. Ukiongeza vidonge vingine juu yake umekunywa mara mbili bila kujua.

Kwenye farmasi mimi sinunui tena kidonge kisicho na jina. Naomba kikatwe pamoja na kipande cha karatasi yake, nasoma yale maandishi madogo chini ya jina la kampuni, yanayotaja dawa yenyewe, maana majina mawili makubwa yanaweza kuwa dawa moja. Vipande hivyo mama anavifunga kwenye pindo la kitenge chake, na daktari mpya akimuuliza anatumia nini, anafungua fundo na kumwonyesha.

Na kama umekuwa ukimeza kile cheupe kwa wiki tatu au zaidi, usikiache leo kwa hofu baada ya kusoma haya. Tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo, zinakuwa zimelala. Ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, hata kuzimia. Nenda kituo cha afya na kimfuko chako mkononi, wakupangie namna ya kupunguza kidogo kidogo. Choo kikiwa cheusi kama cha mama yangu, usingoje asubuhi. Panda moto, yaani pikipiki, usiku huo huo, uende hospitali.