Duka anauza mke, TIN ya mume

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, tuna duka dogo la hardware Kihonda, misumari, rangi, saruji na vitu vidogo vidogo, anayeshinda pale ni mke wangu toka asubuhi, mimi napita jioni tu kufunga hesabu. Ila leseni na TIN (namba ya mlipakodi) ni vya kwangu, maana tulivyoanza yeye alikuwa ametoka kujifungua ikabidi mimi ndo nizunguke maofisini. Mwaka jana tumeuza kama milioni 48, tukitoa pango, usafiri na kijana wa kubeba inabaki kama milioni 9. Mshahara wangu unaokatwa kodi ni 800,000 kwa mwezi. Sasa shemeji kaniambia tuandikishane karatasi kwamba faida tunagawana nusu kwa nusu kodi itashuka, rafiki yangu mwingine anasema tufungue TIN mbili tugawe mauzo. Nimshike nani? Makadirio ya kodi ya Machi hayo yanakuja. – Mwalimu, Kihonda

JIBU: Marahaba mwalimu. Huyo wa TIN mbili muache kabisa, duka moja, kaunta moja, mashine mbili za EFD (za kutolea risiti za kodi), afisa akiingia kununua msumari tu ameshajua.

Tuje kwa shemeji. Watu wengi wanachanganya hapa: kodi ya mfanyabiashara mdogo asiyepeleka hesabu TRA (Mamlaka ya Mapato) haiangalii faida, inaangalia mauzo. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2022 mauzo yakizidi milioni 11 mpaka milioni 100 unalipa asilimia 3.5 ya mauzo yote, kwahiyo milioni 48 ni 1,680,000, upate faida upate hasara, faida ugawane na mkeo au umpe yote mama mkwe ni hiyo hiyo. Kwenye utaratibu huo karatasi ya shemeji haina kazi.

Ila wewe hata kwenye utaratibu huo haumo, na nadhani hujaambiwa. Ule ni wa mtu ambaye kipato chake chote cha mwaka ni biashara tu. Wewe una mshahara, kwahiyo faida ya duka inapanda juu ya mshahara na kukatwa kwa viwango vya juu. Mshahara wako kwa mwaka ni 9,600,000, umeshafika kwenye asilimia 25. Kwenye ile milioni 9 ya duka, 2,400,000 ya kwanza, mpaka ufike milioni 12 kwa mwaka, inakatwa asilimia 25, ni laki 6, inayobaki 6,600,000 inakatwa 30, ni 1,980,000. Jumla 2,580,000. Hiyo ni ya duka peke yake, ya mshahara mwajiri ameshakata.

Sasa weka duka kwa anayeliendesha. Mkeo hana ajira, akilipa kwa mauzo ni ile 1,680,000. Na anaruhusiwa kuukataa utaratibu wa mauzo akachagua kutozwa kwa hesabu za faida, hapo 3,240,000 ya kwanza haina kodi, 3,000,000 inayofuata asilimia 8 ambayo ni 240,000, na 2,760,000 ya mwisho asilimia 20, yaani 552,000. Jumla 792,000. Duka lile lile! Ila hapo utamlipa mhasibu, na risiti za manunuzi ziwepo kweli, kama mzigo mnanunua kwa bei ya bila risiti basi matumizi hayatakubalika na hiyo faida kwenye makaratasi itakuwa kubwa kuliko mliyoiona mfukoni.

Shemeji naye hajakosea mia kwa mia. Mkiwa na ubia wa kweli, wenye mkataba na hesabu zake, ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato, kila mmoja anatozwa kwa fungu lake. Kwa milioni 4.5 kila mmoja wewe utalipa 1,230,000 na mkeo 100,800, bado mmezidi ile 792,000 ya mke peke yake kwa zaidi ya laki 5, maana fungu lako linabebwa na mshahara. Kampuni ndo usiiguse kwa faida hii, asilimia 30 kwanza alafu gawio likatwe 10.

Sio ujanja? Sheria ya kodi ya mapato ina kifungu kuhusu kugawa kipato ili kukwepa, na Kamishna wa TRA anaweza kukirudisha kwako. Kinachokuokoa ni ukweli, duka anaendesha yeye. Basi na vitu viwe vyake: leseni, mkataba wa pango, akaunti ya benki, lipa namba, EFD (hiyo ya sasa imefungwa kwenye TIN yako). Ukibadilisha leseni tu alafu hela zikawa bado zinaingia kwenye simu yako, hapo ndo ujanja.

Na nimeona kwenye barua umekwepa swali moja, wanaume wote mnalikwepa: tukigombana je? Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kumiliki mali yake, ndio, lakini mchango wa kila mmoja unaangaliwa ndoa ikivunjika, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema hata kazi za nyumbani ni mchango. Wewe uliyetoa mtaji tunza tu kumbukumbu zake.

Cha kufanya: hesabuni stoo yote, chagueni tarehe, ukafunge biashara yako TRA ukiwa umemaliza madeni, yeye aanze na ya kwake. Ikiwa mwanzoni mwa mwaka ni rahisi zaidi, hamtakuwa na hesabu za nusu nusu. Na aende mwenyewe na namba yake ya NIDA, usimwendee tena. Alafu mwalimu, yeye umeshamuuliza? Barua nzima sijaona anasemaje.